Mtani Aliyelia Kistaarabu

Shemeji yangu alikuja likizo na dadu zenye pande ishirini, na kabla hajamaliza kunywa maji ya mgeni alikuwa ameshanigawia upanga.

Huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anafundisha hesabu Mwanza, na kama walimu wengi wa hesabu anaamini kwamba duniani hakuna tatizo lisilo na njia, kuna wanafunzi wavivu tu. Alitoa begini kitabu kinene cha Kiingereza, penseli sita zilizochongwa na rundo la karatasi zenye vijumba vya kujaza, akatangaza kwamba kila Jumamosi alasiri, kwa wiki nne zote za likizo yake, familia itacheza. Mimi ni karani. Wiki nzima najaza fomu za watu. Nikamwambia asante sana, hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakikosa Jumamosi.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu: watu wazima wanakaa kuizunguka meza na kudanganyana kwa makubaliano. Mmoja ni msimulizi. Yeye anaeleza mahali mlipo na balaa lililowakabili. Wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, mwenye jina, nguvu, udhaifu na, muhimu kuliko vyote, kazi yake. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, na dadu inaamua kama umefaulu au umeaibika.

Bila shaka sababu ya mchezo haikuwa mchezo. Mama mkwe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na tangu siku hiyo baba mkwe alikuwa ameketi. Sisemi alikaa nyumbani. Aliketi, kwenye kiti kimoja kando ya mlango wa sebule yake pale Mtendeni, hapa Tabora mjini, na kofia yake ya kazi juu ya goti. Alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera ya kijani na filimbi. Sasa hakwenda kanisani, hakwenda sokoni, hakuwasha redio. Ugali alikula matonge mawili, akanawa. Ukimsalimia alijibu marahaba, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mdogo wake, anayelima huko Puge, alikuwa ameshatoa uamuzi kwenye kundi la simu la ukoo, mahali ambapo siku hizi ndipo vikao vinapofanyika. Kama kaka yake hatakuwa amebadilika hadi shule zitakapofunguliwa, Jumatatu ile ile atakuja na gari ampeleke Puge akaishi naye. Watu ishirini wakaweka vidole gumba. Baba mkwe hakukubali wala hakukataa. Lakini nyumba ile aliijenga yeye na marehemu tofali kwa tofali kati ya safari moja ya treni na nyingine, na mabinti zake wawili walijua kwamba akitolewa pale atakuwa ametolewa jumla.

"Baba hazungumzi akiwa yeye," shemeji alituambia jikoni. "Labda atazungumza akiwa mtu mwingine."

Nilimuuliza kama chuo cha ualimu ndicho kilichomfundisha hayo. Akasema kimemfundisha kutojibu maswali ya dharau.

Jumamosi ya kwanza tulikaa wanne: shemeji akiwa msimulizi, mimi, mke wangu na baba mkwe ambaye kiti chake kilisogezwa mezani naye akiwa juu yake. Katikati kulikuwa na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Kitabu kilikuwa na kazi nne kubwa, nazo ni mpiganaji, mchawi, mwizi na kasisi. Mimi, kama nilivyosema, nilipewa upanga. Mke wangu akapewa uchawi, akairudisha karatasi kwa ncha ya kidole.

"Mimi naimba kwaya," akasema. "Nikiitwa mchawi hapa, hata kwa mchezo, kesho habari itafika kanisani kabla yangu."

"Ni mchawi mwema, dada."

"Waambie hivyo majirani."

Wakabadilishana, akawa kasisi. Baba mkwe akabaki na mwizi. Mzee huyu maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwateremsha watu wasio na tiketi. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Mimi?" Ndilo neno pekee alilolitoa siku ile. Tuliua panya wakubwa katika handaki la Wazungu, yeye akirusha dadu kila alipoambiwa, kama mtu anayetia saini risiti, na saa kumi na mbili akarudishwa mlangoni na kiti chake.

Hapo nikafanya kosa la kusema kweli. Nilimwambia shemeji kwamba mchezo wake una mtu mmoja tu anayebadilisha kofia. Mpiganaji anarusha dadu na kujumlisha tatu. Kasisi anasali kwanza, kisha Mungu anamjalia tatu. Mwizi ananyata hadi kwenye tatu yake. Tofauti iko wapi? Kazi, nikasema, ni kitu kinachokupa jambo unaloliweza wewe peke yako, na kukunyima jambo wanaloliweza wenzako wote. Angalia ofisini kwetu. Mkuu wangu anaweza kutia saini. Mimi siwezi, lakini naweza kusema faili halionekani, na mbele ya maneno hayo mkuu hana dadu ya kurusha.

Nilitegemea akasirike aache. Badala yake akachukua penseli akaandika niliyoyasema. Ndiyo hasara ya kuwadharau walimu, wanakusikiliza.

Jumamosi ya pili kitabu cha Kiingereza kilikuwa kabatini. Shemeji alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe. Ni msafara wa zamani, unatoka Tabora na mizigo kwenda pwani, kwa miguu, kama walivyokwenda babu zetu. Hakuna kujumlisha tatu. Kila kazi ina jambo moja ambalo hakuna mwingine anayeliweza, na mwiko mmoja ambao haivunji kwa vyovyote vile.

Mke wangu akawa mpishi: hakuna anayekula mpaka aseme, na mwiko wake ni kwamba yeye hula wa mwisho. Akasoma mara mbili, akasema hiyo si kazi, hiyo ni ndoa. Mimi nikawahi kazi ya kirangozi, kiongozi wa njia, kwa sababu anavaa manyoya kichwani na kupigiwa ngoma. Uwezo wa kirangozi ni kwamba hakuna anayemtangulia njiani, na mwiko wake habebi kitu. Kazi isiyobeba kitu! Nilihisi imeandikwa kwa ajili yangu. Baba mkwe akapewa mpagazi. Hakuna anayeweza kumpokonya mpagazi mzigo wake, na mwiko wake ni kutouliza safari inakwenda wapi. Karatasi ya tano ililala kifudifudi, haina mwenyewe. Shemeji alisema hiyo haiwezi kuchezwa na mtu wa ukoo.

"Haya, kirangozi," akasema. "Kumekucha. Msafara unakungoja. Toa amri."

Ndipo nilipoelewa nimejiingiza wapi. Kwetu mtu hamtumi mkwewe. Nikifika kwa baba mkwe nainama kidogo ninaposalimia, nakaa pembeni, simkatizi, jina lake halipiti mdomoni mwangu, simcheki hata akijikwaa, na tukiwa njiani simtangulii. Hiyo ndiyo kazi yangu halisi katika nyumba ile, yenye miiko kumi na mbili na uwezo sifuri. Sasa msafara mzima ulikuwa unasubiri nimwamuru mzee huyo anyanyue mzigo.

"Baba, shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

"Kama itakupendeza, baba, na kama miguu haina taabu, tulikuwa tunafikiri labda, huenda, tungejaribu kusogea."

Mke wangu alikuwa akijifanya anatafuta karanga iliyoanguka. Baba mkwe hakusogea. Na hata angesogea isingefaa kitu, maana kwa sheria za mchezo yeye hawezi kunitangulia mimi kirangozi, na kwa sheria za nyumba mimi siwezi kumtangulia yeye. Tulibishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Msafara wetu mashuhuri, wenye ngoma na manyoya, ulikesha kwenye ua uleule wa kuanzia safari, mchana kweupe. Mwishoni tukaafikiana kwamba kirangozi na mpagazi watakwenda sambamba, bega kwa bega, kama maharusi. Nina hakika babu zangu walilia huko waliko.

Kabla hatujaondoka shemeji alimuuliza baba yake, "Mpagazi, mzigo wako una nini? Kuna nafasi ya kuandika hapo. Pembe? Nguo? Chumvi?"

Baba mkwe akaweka kiganja juu ya ile nafasi tupu.

"Mzigo ni wangu," akasema.

Maneno matatu kwa mkupuo. Mabinti wote wawili walikumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni, wakaenda kulia huko kwa furaha. Mimi niliachwa na mzee, tukatazama michembe. Alikula mmoja.

Lakini wiki iliyofuata alirudi kwenye matonge mawili. Na simu ya Puge ikalia kuuliza kama godoro la mzee ni la futi tano au sita, kwa ajili ya kupanga kwenye gari.

Jumamosi ya tatu jirani alileta sufuria letu. Ni muuguzi, amepangiwa hospitali ya hapa mjini, na kwa miaka mitatu amepanga chumba ambacho ukuta wake ndio ukuta wa sebule ya baba mkwe. Shemeji alimtazama kama mtu aliyeona basi alilodhani limemwacha.

"Wewe dada, kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo kamili."

Akavutiwa kiti, akapewa ile karatasi ya tano. Akaisoma kwa sauti: "Mtani. Anaweza kumwambia yeyote lolote, na kuchukua chochote cha yeyote. Harushi dadu. Mwiko wake: hakasiriki. Na akifa mtu msafarani, yeye ndiye anayezika."

Hapa sina haja ya kumfundisha mtu. Babu zetu walikuwa wakipita Uzaramo na pembe mabegani, wengine wakafia huko, na wenyeji wakawazika. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Anaweza kukuingilia nyumbani akaondoka na kuku, akakuita mla panya mbele ya wakwe zako, nawe huna pa kushitaki. Na msibani ndipo anapofanya kazi hasa. Anashuka kaburini analala, anasema chumba kimebana. Anamwigiza marehemu alivyotembea. Anashika jembe la kuzikia, hatoi mpaka apewe chochote. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na baada ya hapo wanaweza kula.

Nasema haya kwa ujasiri mkubwa, ilhali kwenye msiba wa mama mkwe mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Ratiba niliichapa mwenyewe ofisini, ukurasa mmoja, safu mbili. Nyimbo, wasifu, salamu za wawakilishi dakika tatu tatu, kuaga, maziko. Kaburi lilifunikwa saa nane kamili. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika ukoo ule, na watu walinipa mkono. Kwa miezi minne nilikuwa nikihifadhi nakala ya ratiba ile kwenye mtoto wa meza kama mfano wa kazi safi.

Tulicheza. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipoona ule utofauti niliokuwa nikiudai. Mimi kirangozi, kila nilipotaka kuvuka mto, nilikuwa narusha dadu na kuomba. Mpishi alikuwa akihesabu unga. Muuguzi hakuomba wala hakuhesabu. Alinyoosha mkono akachukua manyoya yangu.

"Nimeyachukua," akasema. "Kichwa chenyewe hakina kitu cha kufunikwa. Na wewe kirangozi gani unayetembea ubavuni mwa mpagazi, mmetoka kanisani?"

Nikamtazama msimulizi anitetee. Msimulizi akainua mabega. Hakuna dadu ya kunirudishia manyoya. Niliona nimevuliwa nguo, na wakati huohuo, sijui kwa nini, nilijisikia nimepumzika. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kuniambia lolote lisilo na adabu.

Lakini kwa baba mkwe hakugusa. Kila zamu ilipomfikia alisema, "Shikamoo mzee, pole na safari," akapita. Baba mkwe alikuwa akimtazama kila alipofungua mdomo. Alipoondoka, mzee alisema, "Huyu hachezi," akaomba kiti chake kirudishwe mlangoni. Mke wangu akaelewa kwamba amemchukia mgeni. Na mimi nikaelewa hivyohivyo, nikashauri Jumamosi inayofuata asiitwe. Shukuru Mungu kwamba ushauri wa mkwe katika nyumba ile una uzito wa usufi.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya mwisho. Jumapili shemeji alikuwa anapanda basi kurudi Mwanza, Jumatatu gari la Puge linafika. Kwenye kona ya sebule masanduku mawili ya nguo za mzee yalikuwa yameshafungwa kamba, na sote tulikaa tukiyapa mgongo.

Msafara ulikuwa umevuka Ugogo kwa kiu na sasa umeingia Uzaramo. Kila kituo msimulizi alikuwa anasema mzigo wa mpagazi umezidi kuwa mzito. Mimi nilijitolea kwamba mzigo ugawanywe, nikasahau kwamba kirangozi habebi. Mpishi akasema mzigo uachwe njiani. Baba mkwe hakuondoa kiganja kwenye karatasi.

"Mpagazi," shemeji akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena, "ukiendelea na mzigo huo hutafika."

"Basi sitafika."

Alisema taratibu tu, kama mtu anayekataa sukari. Mke wangu akayageukia yale masanduku kwa mara ya kwanza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimekaa pale wiki nne nikiuona ni usufi kweli, nikicheka sheria za mchezo.

Muuguzi akaweka kikombe chini.

"Mzee," akasema, kisha akajikatiza. "Hapana. Wewe Mnyamwezi. Huo mzigo unanuka."

Mke wangu akaacha kumenya karanga.

"Umebeba maiti toka Tabora. Njia nzima tunakunusa tunakuonea haya. Wazee wenu walikufa kwetu, wazee wetu wakawazika, hakuna aliyerudi kusema ahsante, na sisi tumezoea. Tua hapo. Nizike."

"Mpagazi hapokonywi mzigo," nikasema kwa sauti ndogo, maana ukarani ni ugonjwa.

"Na mtani anachukua chochote," muuguzi akajibu bila kunitazama.

Shemeji alifungua mdomo. Zile sheria mbili aliziandika yeye, kwenye karatasi mbili tofauti, na kwa hesabu zake zote mbili zilikuwa sahihi.

Baba mkwe ndiye aliyesema. "Hamkuja."

"Nani, mzee?"

"Nyinyi. Siku ile."

"Nilikuja. Nilikaa kwenye mkeka pale."

"Ulikuja ukalia," baba mkwe akasema. "Umeshika kitambaa cheupe, unalia kistaarabu. Nikakuona nikasema, Mzaramo huyo, sasa ataanza. Ukalia, ukatoa pole, ukaenda zako. Nikasema labda kaburini. Nikangoja atakayeshuka. Wakafunika." Akaipapasa kofia gotini. "Saa nane kamili. Hata treni yangu haikuwahi kuondoka saa kamili."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mkwe hamwaibishi mkwe. Ingekuwa nafuu kama angenitazama.

"Mama yenu alikuwa mtu wa kucheka," akawaambia mabinti zake. "Amezikwa hakuna aliyemcheka. Nimempeleka kama kifurushi. Nitawezaje kutua?"

Muuguzi alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilitaka," akasema. "Nilifika nimejiandaa. Ila mjini siku hizi watu wanachukia utani msibani. Nikaisoma ratiba getini, nikaona hamna nafasi yangu. Nikasema ngoja nilie kama watu."

Nimeshawahi kuadhibiwa kazini, nimeshawahi kuanguka na baiskeli mbele ya shule ya wasichana. Sijawahi kuona aibu kama ile, na wala hakuna aliyenilaumu.

Kisha muuguzi akasimama. Akaichukua kofia kutoka kwenye goti la mzee, pale ilipokuwa imelala miezi minne bila mtu kuigusa, akaivaa upande. Akakaza khanga kiunoni, akaweka mkono nyongani, akaanza kutembea kutoka mlango wa jikoni kuja mezani huku akichechemea. Mama mkwe alikuwa na goti bovu.

"Baba wewe," akasema, na ilikuwa sauti yenyewe, ile ya puani, maana miaka mitatu ameisikia kupitia ukutani. "Unaisikiliza hiyo redio au yenyewe ndiyo inakusikiliza? Chai nimemimina tangu treni ya jana. Njoo unywe kabla haijarudi kisimani."

Mke wangu alifunika uso. Shemeji akashika ukingo wa meza. Na kutoka kwenye kiti cha baba mkwe ikatoka sauti kama pampu ya baiskeli iliyokauka, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu nikatambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka machozi yakafika kidevuni, na hakuyafuta.

"Mguu wa kushoto," akasema alipopata pumzi. "Goti lilikuwa la kushoto."

Muuguzi akarudi mlangoni, akaanza upya na mguu wa kushoto.

Mimi kumcheka mama mkwe ni mwiko, awe hai au marehemu. Nikainuka kwa heshima zote, nikatoka uani, nikajiegemeza kwenye ukuta nyuma ya banda la kuku. Huko nilicheka, au nilifanya kitu kinachofanana na kucheka, na jogoo akanitazama bila kupendezwa.

Niliporudi, kiganja cha baba mkwe hakikuwa juu ya karatasi tena. Muuguzi alikuwa anaikunja, mara mbili, mara nne, na akatoka nayo akaifukia kwenye udongo nje ya mlango wa jikoni, pale marehemu alipokuwa akimwaga maji ya vyombo. Shemeji aliuliza kama kuna haja ya kurusha dadu.

"Mtani harushi," baba mkwe akasema. Akamgeukia binti yake mkubwa. "Mpishi. Hatuli?"

"Mle, baba," mke wangu akasema.

Alikula sahani nzima ya michembe, akaomba na ugali. Mke wangu alikula wa mwisho, kwa mujibu wa sheria.

Muuguzi alipoaga, kofia ilikuwa bado kichwani mwake. Baba mkwe akanyoosha mkono.

"Kofia hii nimeiteka," muuguzi akasema. "Msiba gani mtani anaondoka mikono mitupu? Utaikomboa kwa jogoo. Na si hapa. Uniletee mwenyewe hospitalini, wodi ya watoto, niko zamu ya asubuhi. Usipokuja nawavisha watoto waitapikie."

"Mwizi wewe," baba mkwe akasema.

"Ndiyo kazi yangu," akajibu, akaenda.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa barazani kwa baba mkwe, nimeomba ruhusa kazini. Gari la Puge lilifika na kamba na turubai. Baba mdogo akashuka, tukasalimiana, akasukuma mlango akakuta umefungwa kwa kufuli.

"Kaka yuko wapi?"

"Ametoka, baba. Amechukua bajaji."

"Ametoka kwenda wapi? Mgonjwa yule?"

"Hospitali."

Uso wake ukabadilika. Nikaharakisha kumweleza kwamba haumwi, amekwenda kukomboa kofia yake kwa mtani, na amebeba jogoo. Yule jogoo uliyemletea wewe mwezi uliopita, nikaongeza, kwa kuwa karani hapendi kuacha sehemu wazi. Baba mdogo akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza huyo mtani alimfanyia nini kaka yake. Nikamsimulia, pamoja na ratiba yangu. Nilipofika kwenye ratiba alitikisa kichwa, akasema, "Nyinyi wasomi." Nikakubali, ingawa darasa langu la mwisho nalijua mwenyewe.

Bajaji iliingia mtaani kabla ya saa tano. Baba mkwe akashuka amevaa kofia, viatu vimepigwa dawa, na manyoya mawili ya jogoo begani. Watu wa duka la jirani walisimama kumwamkia, akawajibu mmoja mmoja. Akampa mdogo wake mkono, akalitazama gari, kamba, turubai.

"Umekuja na gari kubwa kunisalimia," akasema. "Karibu ndani, kuna chai. Kisha hayo masanduku nisaidieni kuyafungua, mashati yangu yako humo."

Akafungua kufuli, akausukuma mlango, akasimama kando. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeinama kidogo, mahali pangu pa miaka kumi na tano, nikingoja aingie.

Hakuingia. Akachomoa unyoya mmoja begani, akanipa.

"Tangulia, kirangozi," akasema. "Mimi niko nyuma."